Najenga

Mwezi wa tatu zamu ni yangu.
Wanawake kumi na wawili, paundi mia tatu kila kichwa,
na hakuna aliyewahi kutoroka upatu wetu,
hata Mwanamvua, walipomwachisha kazi ghala la vifurushi,
alikuja na bahasha imelowa mvua ya Coventry
akasema, deni la watu halina likizo ya ugonjwa.

Elfu tatu na mia sita, basi.
Tumbo langu ni elfu saba na mia mbili.

Bei nilipewa na Kirsty, dada wa kliniki, kucha rangi ya maziwa,
anayesema "safari yako" kana kwamba nakwenda hija.
Alinimiminia maji yenye kipande cha limau,
akageuza kompyuta nione:
nusu siku ya kwanza, nusu kwa miezi ishirini na minne,
mia na hamsini kila mwezi, riba sifuri.
Sifuri ile ilikuwa nene, imeviringika,
kama mimi nilipokuwa na mimba ya Idarusi.
Chini yake, kwa herufi za sisimizi:
ukikosa mwezi mmoja, sifuri inazaa.

Nilianza kwa daktari wa serikali.
Alibonyeza hapa, na hapa, akasema misuli imeachana,
kama watu waliochokana bila ugomvi,
akasema huo ni urembo, si ugonjwa,
akanipa karatasi ya mazoezi.
Urembo! Mimi ninayeinua wazee vitandani usiku kucha,
ngozi ikining'inia mbele kama mfuko wa mtu
aliyeniambia nishikie kidogo, nakuja,
na huu mwaka wa tisa hajarudi.

Nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya nyama.
Bangili za mahari: sonara wa Foleshill Road
alizipima, akacheka kwa adabu.
Mabati ya mama kule Muheza, bando tatu,
niliyaandika, nikayafuta, nikayaandika.
Mama kwenye simu: masika yamewahi mwaka huu.
Hakuomba.
Hilo ndilo linaloniuma, hakuomba.

Jumamosi, jikoni kwa Siajabu, mshika fedha wetu.
Huhesabu noti kwa kulowesha kidole, mara mbili,
na ya tatu kwa ajili ya shetani.
"Unajenga?"
Kila anayepokea huulizwa hivyo.
Wenzangu wanajenga Kigamboni, Voi, Bububu,
nyumba ambazo madirisha yake wameyaona kwenye simu tu.
"Najenga."
"Wapi?"
Na mkono wangu, mmbea huyu, ukaenda tumboni.

Siajabu akaufunga mlango.
Akapandisha dera.
Kovu, nyonga hadi nyonga, jembamba, limepauka,
kama mstari wa daftari usioandikwa kitu.
"Kile kiwanja changu cha Kibaha," akasema, "ndicho hiki."
(Na sisi tulimpigia vigelegele! Mwanamvua alimnunulia kufuli la geti.)
Alilipa kwa kadi ya benki. Miaka sita.
Tumbo mara mbili, moja lake, moja la benki.
"Kovu hupoa, shoga. Riba haipoi.
Hiyo mia na hamsini itoke siku ya mshahara,
kabla ya kodi, kabla ya umeme, kabla hujamjibu mtu simu."
"Ulijuta?"
Akashusha dera, akapakua wali, akatafuta kijiko.
"Nalala kifudifudi," akasema.

Bahasha iko chini ya mto wangu.
Usiku nimeitoa, nikapanga noti juu ya shuka,
bando tatu upande huu, ngozi upande ule,
nikazichanganya tena.
Saa kumi alfajiri wakapiga simu kutoka kazini:
mtu mmoja hakutokea, je, naweza kuja kuinua?
Naweza, nikasema.
Nikajifunga mkanda, tundu la mwisho,
nikatoka.